Hewani Mbili za Fundi Nundu

Lugha ina mitego yake, na mtego uliomnasa Fundi Nundu ulikuwa neno moja dogo ambalo kila mtu hulitumia na hakuna anayeliogopa: hewani.

Jina la Nundu hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa karakana ya ndege, kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Ndege ikiingia pale na mgongo laini kama yai, ilitoka mikononi mwake ikiwa na nundu, kama ng'ombe aliyenona. Ndani ya nundu ile mlikaa antena bapa, pana kama meza ndogo ya chai, kazi yake kutazama juu na kuzungumza na setilaiti, ili abiria aliye chini yake, aliyefungwa mkanda na kupewa karanga chache za kumtia hamu tu, aweze kumtumia mkewe picha ya wingu. Zilikuja ndege kubwa za abiria, zikaja na zile ndogo za matajiri zenye viti vya ngozi, na zote alizipachika nundu. Mkono wake ulikuwa mzuri. Alitoboa bati la mgongo wa ndege bila kutetemeka, akapitisha nyaya, akapiga ribiti za kubania bati, akaziba kwa gundi, na hapakupenya hata pumzi.

Ila kupanda ndege ikaruka naye ndani, hilo halikuwa limemtokea katika maisha yake. Hakulitaka. Aliwahi kusema kwamba mpishi hashibi chakula alichokipika mwenyewe. Wenzake wakamjibu kwamba mpishi huonja, walau chumvi.

Sasa, antena ikishapachikwa lazima ijaribiwe. Chini ya paa la karakana haioni mbingu, kwa hiyo ndege hukokotwa hadi nje, umeme ukawashwa, na mafundi wakakaa ndani wakikodolea macho taa ya kisanduku kilichofichwa darini. Taa ikiwa nyekundu, wanasubiri. Ikiwa ya njano, wanashika roho. Ikigeuka kijani, anayeiona kwanza husema, "Tuko hewani," na kila mtu hupumua. Magurudumu yako kwenye saruji, yamewekewa kabari mbele na nyuma, na paka wa mlinzi amelala kivulini chini ya bawa. Lakini ndege iko hewani, maana imeshika mtandao. Hiyo ndiyo hewani ya mafundi.

Baadaye ndege huruka kwa majaribio, na hapo ndipo Nundu alipokuwa akikumbuka koleo alilolisahau ghalani. Aliyepanda badala yake siku zote alikuwa fundi mwanamke wa vipimo vya umeme, waliyemwita Kipimo, mtu asiyeogopa kitu isipokuwa mende.

Mambo yalianzia kwenye kabati. Jumamosi moja shemeji yake, kaka wa mkewe, alimpigia simu aje kusaidia kuhamisha kabati la marehemu baba yao, kabati la mninga, zito kama dhambi. Nundu alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa kwa sababu ya vipimo. Jioni mkewe akamwuliza mbona hakupatikana.

"Nilikuwa hewani," akajibu, kwa lugha ya karakana.

Mkewe naye alikuwa fundi, ila wa cherehani. Ilikuwa nyumba ya mafundi wawili, na kitasa cha mlango wa jikoni kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Alisimamisha cherehani, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo Nundu hakuwa ameliona tangu siku za uchumba.

"Hewani? Huko juu kabisa?"

Hapo ndipo mtu muungwana angesema hapana, si huko. Nundu alifungua kinywa aseme, akaliona tena lile jicho, akakifunga. Alipokifungua mara ya pili, aliomba chai. Na kabati likahamishwa na watu wengine.

Uongo nao ni kama nundu: ukishaupachika, sharti uuzibe pembeni kote usivuje. Tangu siku ile, kukiwa na tangi la maji la kusugua, hewani. Kikao cha ukoo cha kugombania mpaka wa shamba, hewani. Akirudi, ilimbidi aeleze ameona nini, basi alikopa maneno ya Kipimo: mawingu kama pamba, mito kama nyuzi, nyumba kama viberiti. Mkewe alisikiliza pini zikiwa mdomoni, akiitikia "mmh" mahali panapostahili. Na Nundu, kama watu wote wanaosadikiwa upesi, akajiona hodari.

Kisha akahamia mama mkwe.

Alikuja kukaa kwao macho yalipoanza kumwacha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia likaingiwa na mtoto wa jicho, na kila siku ukungu ukazidi, hadi ikawa watu anawajua kwa mwendo na sahani kwa harufu. Ulimi wake ndio haukuwa na ukungu wowote. Daktari wa pale mjini alimmulika, akatikisa kichwa, akasema apelekwe upesi hospitali kubwa ya macho, maana akiachwa hivi hivi presha ya jicho itapanda, na ikishapanda, kisu cha daktari yeyote kitabaki cha kukatia vitunguu tu. Hospitali yenyewe ilikuwa mji wa mbali. Kwa barabara ilikuwa safari ya kuvunja mgongo, na mgongo wa mama mkwe ulikuwa umeshaanza kuvunjika wenyewe. Ikabaki ndege.

"Sipandi," alisema mama mkwe, amekaa sebuleni na mikono mapajani kama mtu aliyekwisha toa hukumu. "Kuku ana mabawa, anayapiga kwa nguvu zake zote, na bado haendi mbali. Hicho kitu chenu mabawa kimeyanyoosha tu kama nguo iliyoanikwa."

"Mama, ni mwendo mfupi," alisema bintiye. "Nitakaa na wewe mwanzo hadi mwisho."

"Wewe? Wewe umepanda lini? Tutakuwa vipofu wawili, mmoja ana macho." Akageuza uso kuelekea upande wa meza, alikosikia glasi ikiwekwa. "Nitapanda kwa sharti moja. Mkwe wangu akae ubavuni pangu. Yeye hewani ni kama kwake. Akiniambia mtikisiko huu ni wa kawaida, nitajua ni wa kawaida."

Fundi Nundu alikuwa akinywa maji. Maji yakapita njia isiyo yao.

"Mama," alisema kikohozi kilipomwachia, "siku hiyo sidhani kama nitakuwepo. Nitakuwa kazini. Hewani."

"Si ndiyo vizuri," alisema mkewe, hakuinua uso kwenye pindo alilokuwa akilishona. "Kwani hii nayo si hewani? Utakuwa kazini na safarini kwa mpigo mmoja."

"Sijui kama mkubwa wa karakana ataniruhusu."

"Nimeshamwuliza. Amesema nenda, tena amesema siku nyingi anakuombea upande."

Nundu alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitafuta mkasi ambao ulikuwa mbele yake.

"Au mkwe hataki kukaa na mimi," alisema mama mkwe. "Sema tu, baba. Najua mkwe ni nguo, lakini hata nguo huchosha kuvaliwa."

"Hapana, mama. Nitafurahi."

"Haya, furahi tusikie."

Nundu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni na mtu anayemheshimu.

Kesho yake karakanani alimkuta Kipimo amekaa juu ya sanduku la vifaa, anamenya chungwa. Akamwaga yote, tangu kabati. Kipimo alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Mwambie ukweli mzee wa watu."

"Nikimwambia ukweli hapandi. Asipopanda, jicho limekwenda."

"Basi panda."

"Nikipanda nitakwenda mimi."

"Sasa hapo amua, jicho moja zuri au fundi mmoja mbovu."

"Unanicheka."

"Sikucheki, nakupima." Akampa kipande cha chungwa. "Hebu niambie. Unaogopa nini hasa? Wewe ambaye hushinda umeukalia mgongo wa ndege kama mchunga ng'ombe."

"Wewe ukiingia mle unaona viti," alisema Nundu. "Mimi naona bati. Na najua wembamba wake."

Kipimo akatafuna, akafikiri. "Nisikilize basi, nikufundishe. Mkishapaa, ukisikia kishindo chini ya miguu, ni magurudumu yanaingia ndani. Ukisikia mlio wa kengele, ni wahudumu wanaitana. Ukisikia mtu analia, ni wewe."

Siku ya safari ikafika, maana siku huwa hazisahau koleo ghalani. Mkewe aliwasindikiza mpaka mlango wa abiria, akamnyoosha mumewe kola ambayo haikuwa imejikunja, akamwambia, "Mtunze mama." Halafu akamgeukia mama yake, akamnong'oneza kitu, na mama mkwe akaguna.

Uwanjani upepo ulikuwa unapeperusha kanga ya mama mkwe. Nundu alimshika kiwiko, wakatembea pole pole kuielekea ndege, na Nundu akaitambua. Karibu na mkia palikuwa na kiraka cha rangi nyeupe isiyofanana na weupe mwingine, na juu ya mgongo palikaa kazi ya mikono yake.

"Naona kivuli kama cha kibyongo," alisema mama mkwe akikaza jicho lake. "Imezaliwa hivyo?"

"Hiyo ni nundu ya mtandao, mama. Nimeipachika mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Loo," alisema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza akaongeza mwendo.

Ndani, Nundu alikuwa kama mtu aliyerudi nyumba aliyoijenga akakuta imewekwa fanicha. Yeye alizoea ndege ikiwa imevuliwa, viti vimeng'olewa na dari imefunguliwa, matumbo ya nyaya yakining'inia. Sasa kila kitu kilikuwa kimefunikwa kwa adabu, na watu walikuwa wakisukuma mabegi yao mahali alipozoea kuweka taa yake. Kwa bahati, au kwa mpango wa mtu, viti vyao vilikuwa chini kabisa ya ile nundu. Akamkalisha mama mkwe katikati na yeye akakaa dirishani, kwa sababu tiketi zilisema hivyo na yeye hakuwa na akili ya kubishana na tiketi. Akamfunga mkwe wake mkanda vizuri. Kisha akaanza kuufunga wake, na mikono iliyotoboa mabati ya ndege bila kutetemeka ikashindwa kuingiza chuma kwenye tundu lake.

Mhudumu alikuwa akipita. Alikuwa msichana mwenye sauti ya upole kama ya muuguzi. Akainama, akamgeuzia kile chuma, kikaingia.

"Upande huu, baba. Ni mara yako ya kwanza?"

Mtu akiwa na hofu, ukweli humtoka kama chafya.

"Ndiyo," alisema Nundu.

Mhudumu akatabasamu akaenda zake.

"Mkwe," alisema mama mkwe.

"Naam, mama."

"Macho yangu mabovu. Masikio yangu je?"

"Mazima, mama."

"Basi nimesikia nilichosikia." Akaanza kupapasa mkanda wake. "Nishushe."

"Mama, mlango unakaribia kufungwa."

"Ndiyo maana nasema sasa. Nilikuja kwa sababu ya mtu anayepanda kila siku. Mtu huyo hayupo. Hapa pana mtu mwingine, simjui. Nishushe nikafie barabarani kama watu."

Nundu alitazama mlangoni. Mhudumu mwingine alikuwa ameshaweka mkono kwenye komeo. Ilikuwa rahisi sana: kuinua mkono, kusema mama hajisikii vizuri, na wote wawili wangekuwa chini, kwenye saruji, chini ya jua zuri. Angekuwa salama yeye. Akaligeukia lile jicho la kulia, jeupe kama ukucha, linalotafuta uso wake mahali ambapo haukuwa.

"Mama," alisema, "ni kweli sijawahi kupanda. Nilidanganya. Lakini ndege hii naijua. Hapa juu ya vichwa vyetu ndipo nilipotoboa."

"Umetoboa?"

"Ndiyo."

"Umetoboa ndege? Hii tuliyomo?"

"Nikaziba, mama."

"Heri ungenyamaza na uongo wako." Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya chuma cha mkanda. Akainua uso kuelekea darini, kana kwamba ataliona tundu. "Uliziba kwa kitu gani?"

"Bati juu ya bati, ribiti, na gundi kuzunguka."

"Na wewe chini ya hilo tundu hujawahi kukaa ndege ikiruka."

"Sijawahi. Naogopa."

"Na leo umekaa."

"Nimekaa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya jicho lako, mama. Ukishuka, nami nitashuka, tena nitashuka mbio. Lakini jicho litabaki lilivyo."

Mlango wa ndege ukafungwa kwa mshindo mzito. Mama mkwe hakushtuka. Nundu aliruka kidogo kwenye kiti, na kwa kuwa mabega yao yaligusana, alijua kwamba mama ameuhisi mruko huo.

"Baba wa watoto wangu alikuwa mwashi," mama mkwe alisema. "Alisema fundi wa kumkimbia ni yule anayejenga paa kisha akalala kwa jirani." Akaukaza mkanda wake, akauvuta mpaka ukambana. "Kaa vizuri, unanisukuma."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Yaliyompata Fundi Nundu wakati huo hayana haja ya kuelezwa yote, tumhifadhie heshima kidogo. Kishindo kilipolia chini ya miguu, aliushika mkono wa mkwe wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi walipopeana salamu.

"Ni nini hiyo?" akauliza mama mkwe.

"Ni... ni magurudumu yanaingia ndani."

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida."

"Basi wewe ndiye unayeniumiza vidole, siyo magurudumu."

Walipotulia juu na taa ya mikanda ikazimika, Nundu akatoa simu yake kwa mkono uliolowa, akaitafuta ile waifai ya ndege. Ikaja. Ikajaa. Alama zote zikasimama pale juu ya kioo. Akasahau kidogo kuogopa, akaitazama simu kama kuku anavyolitazama yai lake, kwa mshangao kwamba limetoka kwake.

"Tuko hewani, mama," alisema polepole.

"Si ndiyo tatizo lenyewe?"

"Hapana, nasema mtandao. Umeshika. Naweza kumpigia binti yako sasa hivi."

"Kutoka huku? Maneno yanapita wapi?"

"Yanatoka kwenye simu yanapanda kwenye nundu, nundu inayarusha kwa setilaiti iliyo juu yetu zaidi, nayo inayashusha nyumbani. Na setilaiti hiyo ikipita, inampokeza mwenzake, kama watu wanavyopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua."

"Yapande kwanza ndipo yashuke," alisema mama mkwe. "Kama dua."

"Kama dua, ila hii ina ribiti."

Akampigia mkewe, na mama mkwe, aliyezoea kwamba simu ya mbali huhitaji sauti ya mbali, akaanza kusalimia kwa nguvu mpaka mtu wa viti vya mbele akageuka. Mhudumu wa sauti ya upole akaja. Akasema, "Samahani mama, kupiga simu humu haturuhusu, wenzako wamepumzika. Kuandika ruksa, andika utakavyo."

"Siwezi kuandika, mwanangu, sioni. Lakini nina karani." Akamgonga Nundu gotini. "Andika kwenye lile kundi la familia. Sema hivi: Wanangu, ni mimi mama yenu, niko hewani. Sijambo kabisa. Asiyejambo ni mkwe wangu. Amenishika mkono kama ameshika mbuzi asimtoroke, na shati lake limelowa mgongo mzima. Mwambieni mke wake asimnunulie tena mashati ya kijivu, yanaonyesha jasho."

"Mama hulioni shati."

"Nalinusa. Andika."

Nundu akaandika. Kidole kilikuwa chake, na hakuna mtu mwenye macho aliyekuwa akimsimamia. Akaandika: *Napenda kuwajulisha kwamba mama anaendelea vizuri na safari ni tulivu. Mkwe wake anamliwaza ipasavyo.*

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kama nilivyosema?"

"Kwa ufupi."

Majibu yakaanza kushuka. Nundu akayatazama, hakusema kitu.

"Soma," alisema mama mkwe. "Kimya chako nakisikia."

Ikambidi asome. Shemeji yake alikuwa ameuliza: *Hii barua ya serikali ameiandika nani?* Na mkewe chini yake: *Mama hajawahi kusema "ipasavyo" tangu anizae. Mwenye simu aandike alichoambiwa.*

Mama mkwe akacheka mpaka ukungu wa jicho ukatoa chozi. Na Fundi Nundu, akiwa juu ya mawingu na hana pa kukimbilia, akaandika kwa mkono wake mwenyewe habari za mbuzi, za jasho na za shati la kijivu, neno kwa neno, akituma kwa antena aliyoipachika mwenyewe. Mtandao haukukwama hata mara moja. Mara ya kwanza maishani aliomba kazi yake iwe mbovu kidogo, na haikumsikiliza.

Ukoo mzima ukafurika. Binamu ambaye hajaonekana kundini tangu mwaka jana akajitokeza kuuliza kama mbuzi amefika salama. Katikati ya vicheko hivyo ukaingia ujumbe mwingine, wa kwake peke yake, kutoka kwa mkewe.

*Kwa hiyo hatimaye umepanda.*

*Ulijua?* akaandika.

*Kipimo huja kushonewa magauni. Mtu akiinua mikono nimpime kiuno, huongea.*

*Tangu lini?*

*Tangu kabati.*

Ndege ikatikisika, ikashuka kidogo na kupanda, na moyo wa Nundu ukafanya hivyo hivyo. "Ya kawaida?" aliuliza mama mkwe, macho ameyafumba. "Ya kawaida," alisema Nundu, na safari hii sauti haikumtoka puani. Akarudi kwenye simu.

*Mbona hukusema siku zote hizo?*

*Mtu anayejitahidi namna ile kuelezea mawingu, utamkatizaje? Halafu nilitaka nione utafika wapi. Sasa uko wapi?*

*Hewani.*

*Hewani ipi?*

Nundu akageuza shingo, kwa mara ya kwanza tangu wapae, akatazama dirishani. Mawingu hayakuwa pamba. Kipimo alikuwa amemdanganya, au hakuwahi kushona. Yalikuwa kama kitambaa cheupe ambacho mkewe amekimwaga mezani kabla hajakikata, na mikunjo yake yote, na jua limekilalia. Akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

*Zote mbili,* akaandika.

Hospitalini mambo yalikwenda salama. Siku waliyofungua bandeji, mama mkwe alipepesa jicho, akautazama ukuta, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akamgeukia mtu aliyekaa kitini kando ya kitanda. Akamkagua kuanzia viatu kwenda juu.

"Kumbe wewe ndiye umekuwa hivi," alisema. "Kwa hofu ile, nilidhani umenyauka ukawa mdogo zaidi."

Wakati wa kurudi alidai dirisha, akakataa katakata kulitoa, na Nundu akakaa katikati akishika upande mmoja tu wa kiti. Yalikuwa maendeleo.

Jumamosi iliyofuata walikuwa sebuleni. Cherehani ililia, ikanyamaza, ikalia. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mwanga, anamtungia bintiye uzi kwenye sindano, jambo ambalo lilikuwa limemshinda muda mrefu, na sasa alikuwa amezitunga sindano zote za nyumba na anatafuta nyingine. Simu ya Nundu ikaita mezani. Akaangalia ni nani. Alikuwa shemeji yake, aliyekuwa anahama nyumba tena, na kabati ni lile lile.

Mkewe alikuwa amempa mgongo. Simu iliendelea kuita. Kidole gumba cha Fundi Nundu kikaanza kusogea, taratibu, kama mjusi ukutani, kuelekea kwenye kile kitufe cha pembeni cha kuizimia.

"Mkwe," alisema mama mkwe, sindano ikiwa mbele ya jicho lake la kulia, uzi ukipita.

"Naam, mama."

"Nakuona."

Akaipokea.